Nimeikubali Singapore, Nimeikubali na Semarang

Mpendwa mshauri, naomba msaada maana tangu Jumatatu sikai kitako, nikishika ufagio nauacha, nikiinjika chungu nasahau moto. Mimi ni Bu Wartini, yaani Mama Wartini, wa Semarang hapa Indonesia, shule niliishia darasa la nne lakini samaki wangu wa bandeng anajulikana mtaa mzima, na mdomo wangu pia, basi Retno, binti wa kaka yangu, na jirani Pak Gunadi, yaani Bwana Gunadi, wakanishika tufungue kampuni ya kuuza mapishi ya akina mama kwa simu, sisi watatu, na sasa wanavutana ifuate sheria za nchi gani. Jumatatu Retno kaja asubuhi, "Shangazi, tuandikishe Singapore, nimepata mtu wa kututilia mtaji, naye anazijua sheria za huko," nikasema ndiyo, nikasaini karatasi yake bila kusoma. Jioni kaja Pak Gunadi na tofu zake za kukaanga, "Bu, tuandikishe hapa hapa Semarang, huko tukikosana utapanda ndege ukashtaki kwa hakimu usiyejua hata kumsalimia?" nikacheka, nikasema ndiyo, nikasaini na karatasi yake, na unatujua sisi Wajava, mtu kaja na adabu zake utamwambiaje hapana? Ijumaa wanakutana kwa mwanasheria, kila mmoja na sahihi yangu mkononi, na Retno ameshaacha kazi benki kwa ajili ya hii kampuni. Niseme naumwa?

Bu Wartini, usiumwe. Pole, lakini umejitakia. Ndiyo ya sebuleni ni adabu, ya kwenye karatasi inakufunga. Na nadhani mtaa wote umeshasikia habari hii isipokuwa hao wawili.

Waite leo, usingoje Alhamisi. Weka karatasi zote mbili mezani, sema, "Nilisaini bila kusoma, nimewadanganya wote." Kisha muulize Retno: huyo mwenye mtaji ameandika kwamba bila Singapore haingii, au ni maneno ya simu tu? Kama ni maneno tu, kampuni iandikishwe hapa. Kama ameandika, Gunadi akubali kampuni iandikishwe huko. Lakini mapatano yenu watatu yaandikwe kwa lugha unayoisoma, kwa sheria za hapa, na ugomvi wenu usikilizwe Semarang, maana wewe ndiye usiyeweza kuufuata ng'ambo. Mwanasheria awe wenu, si wa mwenye mtaji, awaambie kama hilo litasimama.

Retno atanuna. Mwache anune wiki hii, kuliko mje mnuniane miaka kumi. Na Ijumaa ukipewa kalamu, sema, "Nisomee kwanza," hata kama wote wamesimama wanakungoja.