Buya, Bunduki Yako Imerefuka

Buya mwenzangu,

Mungu akupe raha huko uliko. Huku maji ya mto yameshuka, mahindi yameanza kubeba, na mimi nakaa peke yangu juu ya dungu letu la kulindia shamba. Upande wako nimeuwekea mtungi wa maji, maana ukiwa mtupu siwezi kuutazama. Wewe ulikuwa unapiga soga mpaka nakugombeza kwamba viboko watatusikia. Mtungi hausemi kitu, na kimya chake kimenichosha.

Tangu homa ikuchukue, bunduki ya kijiji iko mkononi mwangu. Bwana DC amelitoa jina lako kwenye kibali, akaingiza langu. Juzi kiboko alipanda kutoka mtoni akaingia kwenye mahindi. Nikalenga, nikapiga, kidole gumba changu mwenyewe kikanigonga pua na risasi ikapita juu. Yule mnyama akageuka na hasira zake, akaangusha dungu la jirani na watoto wawili juu yake. Waliangukia kwenye migomba, wakapona. Mama yao hajanisemesha tangu siku hiyo, wala simlaumu.

Chifu akaniita. Akasema bunduki yetu imezeeka, na kwamba Garsen yuko mzungu mwindaji anayerudi kwao, anauza yake, nzuri kuliko zote zilizowahi kupita mto huu. Tumpe ya kwetu na pesa kidogo juu yake, tuichukue. Lakini neno la mwisho akaniachia mimi, kwa kuwa mimi ndiye nitakayesimama mbele ya kiboko. Nikichagua vibaya, safari ijayo mtoto wa mtu hataangukia kwenye migomba. Nilikuhitaji sana siku ile, Buya. Sikuwa na mwingine wa kumuuliza.

Basi nikavuka, nikaenda. Nisikudanganye, ilikuwa bunduki ya kupendeza. Chuma chake kimechorwa nyati na tembo, na mti wake unang'aa kama halua. Wazee nilioandamana nao waliipokezana kwa adabu kama wamepewa mtoto mchanga. Mimi nikakukumbuka wewe kule Mombasa, mwaka ule tulioinunua ya kwetu. Mwenye duka anakuletea zenye michoro, nawe uliyewabebea wawindaji bunduki tangu ujana wako unazirudisha moja moja. "Kiboko hatasimama kutazama nakshi," ulimwambia. Nilicheka mpaka akatukasirikia.

Nikafanya kama ulivyofanya. Nikaitazama shingo ya bunduki, pale mkono unaposhika, nikaona nyuzi za mti zimekatiza badala ya kufuata urefu. Ulisema hapo ndipo zinapovunjika. Nikafungua bolti, lile komeo la kusukumia risasi, nikairudisha: ilitaka nguvu, na ya kwetu mpaka leo inakwenda kwa kidole kimoja. Nikaweka ukucha nyuma ya mtutu urudishe mwanga ndani, nikachungulia kwa mbele. Ndani kulikuwa na madoa ya kutu, huku nje wamepaka mafuta mazuri.

Likabaki lile jaribio lako la mwisho. Nikafumba macho, nikaipandisha begani, nikafumbua. Ilikuja sawasawa, Buya. Kile kichuma cha kulengea kilikuwa pale pale jicho lilipo, bila kukitafuta. Nikachanganyikiwa. Bunduki mbovu imenikaa namna hii, na ile nzima inanipiga pua? Ndipo nikamwangalia yule mzungu, mrefu mwenye mikono mirefu kama mimi, na jibu likanijia. Ya kwetu haikuzeeka. Ilikatwa kitako ikufae wewe, bwana mfupi, na mimi muda wote huu nilikuwa nimejikunja ndani ya mikono yako.

Nikawaambia wazee turudi. Walinuna njia nzima.

Nilikwenda moja kwa moja kwa shemeji Hadija. Unakumbuka kile kipande cha kitako alichokikata fundi? Ulikataa kisitupwe, ukakifanya kizuizi cha mlango wako. Kilikuwa pale pale, upande mmoja umelika kwa kuburutwa. Shemeji alikiokota, akakipangusa kwa kanga, akakishika kidogo kabla ya kunipa. "Chukua, shemeji. Mwenyewe angekupa." Mlango ukajifunga nyuma yangu kwa kishindo, na nikalia barabarani, mtu mzima mimi, bila haya.

Fundi amekirudisha mahali pake kwa gundi na skrubu mbili ndefu, akafunga tena lile bamba la chuma la mwisho wa kitako. Jana tuliweka boga ukingoni, nikapiga, likapasuka katikati. Watu wakashangilia. Yule mama wa watoto akanisalimia. Nikageuka upande wangu wa kushoto nione unavyocheka, na pale hapakuwa na mtu.

Sasa hakuna wa kuniambia bunduki si yangu. Hilo ndilo linaloniuma. Ilipokuwa fupi, kila nikiishika nilikuwa naona umeniazima, na utakuja kuidai. Fundi alitaka kuupaka rangi ule mstari wa kiungo usionekane, nikamkataza. Nikiwa dunguni naupapasa kwa kidole.

Lala salama, ndugu yangu. Viboko niachie mimi. Na mlango wa Hadija bado unapiga kila upepo ukivuma, nausikia hadi huku shambani. Nimepata mti mgumu. Kesho asubuhi namchongea kizuizi kingine.

Ni mimi mrefu wako,
Komora