Eustadia, Kaka Yako Alikuonea Wivu

Mwaka umetimia leo, Eustadia, tangu Ijumaa uliyotutoka. Mama yako bado anakujazia chupa ya asali kila jamaa wa Usinge wanapoileta, kisha anakumbuka, anaiacha pale pale juu ya kabati. Sasa ziko saba.

Tunakumbuka ulivyokuwa. Ulikula karanga ukitembea, ukaacha maganda katika mifuko ya kila koti, hata lile jeupe la maabara. Ulitoa salamu ya asubuhi ya Kinyamwezi, "Mwangaluka mayo!", kwa sauti ya kuamsha mtaa mzima wa Isevya, hata kama ni saa nane mchana na watu wameshasahau asubuhi. Hukujua kuimba, ila kwaya haikuthubutu kukutoa.

Uliwajali wadudu ambao wengine huwamwagia maji ya moto. Papasi, wale wanaojificha kwenye nyufa za nyumba za udongo wakingoja mtu alale. Ulitueleza kwamba homa yao, ile inayoondoka na kurudi, ilitembea na misafara ya zamani ndani ya mizigo ya wapagazi, kambi hadi kambi, na Tura ikiwa mojawapo. Watu wa Tura bado wanaugua, ulisema, na wanameza dawa za malaria ambazo haziwasaidii. Hilo lilikuudhi kuliko kitu chochote duniani.

Lakini leo hatukukumbuki wewe peke yako. Kaka yako Wilbroad ametuomba tumtaje, tumtaje kama alivyokuwa.

Alikutangulia kwa miaka sita. Ndiye wa kwanza katika ukoo kupata uzamivu. Siku aliporudi na joho mjomba alichinja, na mama akatundika picha yake sebuleni. Ndiye aliyekufundisha kazi ya maabara, akakukazania kwamba mrija huandikwa jina kwanza ndipo hujazwa. Mlipoajiriwa wote wawili katika taasisi moja ya utafiti kule Mwanza, watu walisema nyumba ya baba yenu, marehemu mzee Mhoja, imebarikiwa.

Ila ajira yenyewe ilikuwa kama kuishi nyumbani kwa mtu. Mtafiti wa namna yenu ana shahada zote, lakini anachunguza swali la bosi wake, na mkataba unaisha kila Desemba. Mlango wa kutokea ulikuwa mmoja: ruzuku ya kujitegemea. Anayeipata hukaa miaka miwili chini ya msimamizi akijijenga, kisha huenda chuo kikuu kuwa mhadhiri, mwenye maabara yake na swali lake. Na ukipita mwaka wa nne tangu umalize uzamivu, huruhusiwi kuiomba tena. Wilbroad alikuwa ameomba mara mbili akakosa. Mwaka ule ulikuwa wake wa mwisho. Kwako ulikuwa wa kwanza.

Majibu yalikuja Jumanne asubuhi. Lake lilikuwa na mistari minne, likimshukuru kwa kushiriki. Alikuwa bado anausoma mstari wa tatu aliposikia kelele zako kwenye korido.

Alikupa mkono. Alisema hongera. Mama alimpigia simu jioni.

"Wilbroad, mbona hongera yako ina baridi kama maji ya mtungi?"

"Nina kazi, mama."

"Mdogo wako analia kwa furaha, wewe una kazi."

Tangu siku hiyo alipata kijiba cha roho, na ni yeye anayetumia neno hilo. Msimamizi akilitaja andiko lako kama mfano, kaka yako alihisi ametajwa yeye kwa ubaya. Ulipochelewa kazini alifurahi. Ulipofika na asali kwa kila mtu, hakuigusa ya kwake mpaka ikaganda. Alisoma makala yako ya kwanza usiku kucha akitafuta kosa, na alipolikosa alikasirika kana kwamba umemdhulumu.

Kisha akalipata. Ilikuwa mwaka wa pili wa ruzuku, na jopo la wafadhili lilikuwa linakuja kuamua kama unastahili kwenda chuoni. Wilbroad alifungua daftari la friza kutafuta sampuli zake, akaona mirija kumi na minne ya Tura imeandikwa kinyume: papasi wa nyumba ya Bibi Ng'washi, mwenyeji mwenye wagonjwa, wamewekwa jina la nyumba ya jirani, na wa jirani wamewekwa jina la Bibi Ng'washi. Kwa jinsi ilivyoandikwa, nyumba yenye wagonjwa ilikuwa na papasi wasio na vijidudu, na nyumba yenye watu wazima wa afya ilijaa papasi wenye homa. Yeyote wa jopo angeliuliza hilo, na ungekosa jibu.

Ingetosha akuite, "Stadia, hebu njoo uone." Mlikuwa mnatenganishwa na ukuta mmoja. Alilifunga daftari, akarudi kwenye kiti chake.

Wiki tatu alikaa na siri ile. Mlikula pamoja mchana, ukamwonyesha picha ya binti yako Minza akiwa na sare mpya ya shule, akaitazama na kutabasamu. Siku ya jopo aliwahi kufika ukumbini, akachagua kiti cha mbele. Anasema alikuwa na hamu, kama mtu anayengoja mechi.

Ulisimama. Kabla ya picha ya kwanza ukasema, "Waheshimiwa, matokeo niliyowatumia yana kosa, na kosa ni langu. Nilibadilisha majina ya mirija kumi na minne. Wiki iliyopita nilirudi Tura, nimekusanya upya. Hapa ni matokeo sahihi."

Mzee mmoja wa jopo alivua miwani. "Nani aliligundua?"

"Niligunduliwa," ukajibu, watu wakacheka. Wilbroad hakucheka.

Ulimkuta nje, kwenye ngazi.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Umefanya vizuri."

"Uliliona lini?"

"Niliona nini?"

"Usinifanye mtoto. Kuna alama ya penseli kwenye daftari, ubavuni mwa mirija ile. Imepinda kama ndoana. Taasisi nzima ni wewe tu unayeweka alama ya namna ile. Ndiyo iliyonifanya nitazame mara ya pili."

Hakukumbuka kuiweka. Mkono wake ulikuwa umezoea kazi kuliko roho yake.

"Wiki tatu," alisema.

"Wiki tatu tunakula meza moja?"

"Stadia, nilikuonea wivu."

"Wivu naujua. Ile picha yako ya joho nimeionea wivu miaka yote. Lakini ulikaa mbele kabisa, kaka, uone vizuri nikianguka. Hilo sijakusamehe. Nipe muda."

Jopo lilikupitisha. Ulihamia chuoni, ukapata chumba chenye friza mbili na jina lako mlangoni. Ulifundisha miezi kumi na mmoja, kisha moyo wako ukaanza kuvimba, na madaktari wakasema ugonjwa umechelewa kutambulika.

Wilbroad alikuja wodini kila wiki. Alikumenyea machungwa, akakusomea barua za wanafunzi. Ulimwongelesha vizuri, ukamtania, ukamtuma maji. Lile neno la msamaha hukulisema, naye aliogopa kukuuliza, asije akaonekana anakuharakisha. Ijumaa ile alikuwa ndani ya basi, amefika Nzega, mumeo Bernardo alipompigia simu.

Kwenye mazishi watu wa Tura walikuja kwa treni, wamejaa behewa zima. Walikulilia kwa Kinyamwezi, wakakuita mwana wao. Na hapo, kando ya kaburi lako, kijiba kile kilimrudia kaka yako. Alijiuliza nani atamlilia yeye hivi. Ametuambia hilo mwenyewe siku ya arobaini, mbele yetu sote, akaomba liandikwe mwaka ukitimia.

Mama alikataa. "Aibu ya nyumbani haianikwi gazetini."

"Mama, kwenye ratiba ya mazishi mliniandika kaka mpendwa aliyemsaidia kufika alipofika. Nilisimama naisikia ikisomwa. Sitaki kuandikwa hivyo mara ya pili."

Mama akasema, "Basi muandike yote, na karanga zake pia."

Ujue pia kwamba kazi yako ya Tura haikusimama. Chuo kimemkabidhi Julieth, mwanafunzi wako, ambaye naye sasa anaandaa maombi ya ruzuku ile ile. Mwezi uliopita alihitaji mtu wa kumshikia tochi na kuandika majina kwenye mirija. Wilbroad, mwenye uzamivu na mvi, alichukua likizo akaenda kuwa msaidizi wake. Tulimuuliza kama wivu umekwisha. Alisema haujaisha, akiona jina lako juu ya kazi ile bado kuna kitu kinamchoma, ila sasa anakijua kikija.

Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Bibi Ng'washi. Alikuwa mlangoni anapepeta mtama.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Na wewe ni daktari?"

"Mimi ni kaka yake Eustadia."

Bibi aliweka ungo chini. "Alikuja hapa miaka mitatu. Alinihadithia mama yake, mume wake, mtoto wake. Kaka hakumtaja."

Julieth anasema Wilbroad alisimama pale juani, tochi mkononi, asijue aende au akae.

"Lakini karibu," bibi akasema. "Yeye alikuwa anavua viatu."

Wilbroad akainama, akavua viatu, akaingia.

Unakumbukwa na mama yako Apolinaria, mumeo Bernardo, binti yako Minza, mwanafunzi wako Julieth, ndugu na jamaa wote wa Isevya, Urambo na Usinge, na kaka yako Wilbroad, ambaye bado anakupa muda.

Pumzika, Eustadia. Maadamu tunapumua, hutasahaulika.