Kibati Kilichobaki Ubaoni

Mshauri mpendwa, naomba msaada, na ujue kabisa kwamba mimi si mtu wa kuomba, nimefika miaka sitini na nane sijaomba hata chumvi kwa jirani. Majibu yako nayasoma kila Jumamosi gazetini, mengine yana akili, mengine unabembeleza watu wazima wenye ndevu zao kama vitoto vya kunyonya, basi mimi usinibembeleze. Shule niliishia darasa la tatu, ukikuta herufi imekaa upande inyooshe mwenyewe uendelee kusoma.

Tulikuwa watu wa mgodi wa makaa ya mawe, familia nzima. Mimi nilikaa chumba cha taa miaka thelathini na moja na ndiyo maana mpaka leo naitwa Mama Taa. Kazi yenyewe ni kwamba mtu akija zamu nampa taa ya kuvaa kwenye kofia, naye anatundika ubaoni kibati chake chenye namba, ndipo anashuka, na akipanda anarudisha taa, anachukua kibati, anakwenda kuoga. Ubao mtupu, chini hakuna mtu. Kibati kimoja kikining'inia, kuna mtu chini, na mdomo wa shimo haufungwi, aje mkubwa, aje mdogo. Sijui kama iliandikwa popote, lakini hakuna mwanamume pale ambaye angeivunja, hata walevi.

Mume wangu alishuka asubuhi moja, sasa ni miaka kumi na tisa, dari ya njia ya tatu ikaporomoka. Wenzake wanne walitolewa. Yeye siku tatu alisikika akigonga bomba, maana aliyefukiwa hugonga bomba mara tano kusema niko hai, na wa juu humjibu mara tano, yaani tumekusikia, tunakuja. Tulimjibu. Siku ya nne bomba likanyamaza, ofisi ikajenga ukuta kuiziba njia ile, yeye akiwa ndani, ikaniletea kibati chake ndani ya bahasha. Sikulia mbele yao. Kesho yake nilikuwa dirishani nagawa taa, maana nani mwingine angezigawa.

Basi mwaka jana wakatutangazia kwamba mgodi unafungwa, makaa hayanunuliki tena kama zamani, kila mtu atafute ustaarabu wake. Mwanangu ndiye alikuwa nyapara wa zamu ya mwisho. Sasa hapa ndipo penye aibu yangu na naandika haraka kabla sijabadili nia. Siku hiyo, watu wakiwa chini, nilitoa kibati cha mume wangu mfukoni mwa aproni, namba nilikuwa nimekwisha kuikwangua kwa jiwe, nikakitundika ubaoni katikati ya vingine. Niliwaza kwamba wakikuta kimoja kimebaki watashindwa kufunga, watashuka kutafuta, pengine watabomoa ule ukuta, au watachoka wenyewe na makaratasi yao shimo likae wazi hata mwezi. Nilijua ni ujinga? Nilijua. Lakini walikuwa wanataka kummwagia mume wangu zege kichwani, mimi nisimame pale niwapungie mkono?

Wakapanda watu arobaini na mmoja, kila mmoja akachukua chake, kikabaki kimoja kisicho na namba. Mwanangu akawapanga uani akawahesabu, akarudia, akaenda mdomoni mwa shimo akaita mpaka sauti ikamkauka. Halafu akaja dirishani kwangu.

"Mama, taa zimerudi zote?"

Nami nilikuwa nimekwisha kuificha moja chini ya meza nimeifunika kwa gunia. Nikamwambia, "Imepungua moja."

Injinia wa kampuni, kijana wa viatu visivyowahi kuona vumbi, akasema, "Nyapara, hicho ni kibati cha zamani kimesahaulika, weka sahihi tuondoke."

Mwanangu akamjibu, "Mama yangu hakosei taa."

Walisubiri saa tatu. Wanaume wazima walikaa chini kwenye changarawe, hakuna aliyevuta sigara. Kisha simu ikapigwa kutoka kwa wakubwa, mwanangu akaletewa karatasi inayosema watu wote wametoka, akaniangalia mimi, nami nikamwangalia, nikidhani atakataa. Akaweka sahihi. Malori ya zege yalikuwa yamekwisha kupanga foleni nje ya geti, yakaanza kumwaga. Na mimi, niliyewatolea ukali mainjinia watano kwa zamu zao, nikafunga dirisha langu.

Mwezi uliopita tukahamia mji huu, mwendo wa siku mbili kwa basi, tukapata nyumba ya chini kwenye ghorofa. Mwanangu ana mikono ya kazi, hakukaa hata mwezi akachukuliwa kwenye ghala la baridi la nyama, awe msimamizi wa kufunga, wa mwisho kutoka. Siku ya pili watu wakatoka, yeye akashika mpini wa ule mlango mzito, akashindwa kuusukuma. Akaingia ndani akatazama nyuma ya masanduku, akatoka, akaingia tena. Asubuhi wakamkuta amesimama pale pale, mlango wazi, nyama zinachuruzika maji, anaita ndani, "Kuna mtu?"

Mwenye ghala ni muungwana. Alimwambia, "Kaka, wewe ni mtu wa kazi, nimekuona. Nenda kapumzike, Jumatatu ile nyingine urudi. Lakini ukishindwa tena kufunga mlango, mimi sina la kukufanyia."

Nyumbani ameng'oa milango yote ya ndani, hata wa choo, tumetundika shuka. Tukikaa kula anatuhesabu. Tuko watano, yeye, mkewe, watoto wawili na mimi. Anapita kwa kidole, midomo inatembea, halafu anauliza, "Mbona tumepungua?" Mkamwana wangu mwanzoni alimtania, "Baba nanihii, huyo wa sita ataoga saa ngapi na bafu lenyewe moja?" Alicheka peke yake. Juzi ameniambia tukiwa tunaanika nguo, "Mama, nitawachukua watoto niende kwa dada. Sina ugomvi na mtu. Ila ninaogopa ninapohesabiwa." Nikamwambia asilete udhaifu nyumbani kwangu. Sikupaswa kusema vile, maana hata mimi ninaogopa. Foronya ya mwanangu ninafua mimi, na kila asubuhi ina weusi mahali mdomo ulipolala, na huu ni mwaka hajagusa makaa.

Na bado sijafika. Jumanne iliyopita alikuwa ametoka na mkewe, watoto shuleni, niko peke yangu jikoni nachambua mboga. Saa nane mchana, saa ile ile zamu ilipokuwa ikipanda, bomba la ukutani likagonga mara tano. Likapumzika. Mara tano. Nikasema ni maji yanasukumana, lakini maji yalikuwa yamekatika tangu asubuhi. Mshauri, mimi si mtu wa mizimu, wanaonijua watakuambia. Lakini mkono huu ulichukua mwiko, ukajibu mara tano. Likanyamaza papo hapo, kama mtu aliyesikia. Tangu siku hiyo halijagonga tena jikoni. Linagonga chumbani kwangu, kwenye ukuta usio na bomba.

Nimwambie mwanangu? Akijua mama yake mzazi ndiye aliyemfanya aamini kwamba amemfukia mtu akiwa hai, atanitazama kwa macho gani? Nisipomwambia, Jumatatu ya ghala imebaki siku tisa. Na huyu anayegonga nimwambie nini, maana nimeshamjibu.

Ni mimi, Mama Taa.

MSHAURI ANAJIBU

Shikamoo, Mama Taa. Umesema usibembelezwe, basi kaa vizuri.

Pole ya mumeo naitoa kwanza, na naitoa yote. Kumsikia mtu wako akigonga siku tatu, na ya nne kimya, huo si mzigo wa kubebwa na mtu mmoja aliyesimama dirishani akigawa taa. Lakini nani alikutuma kazini kesho yake? Ungelia siku ile, mama, mbele ya ofisi nzima, ungelala chini ukagaragara, pengine kile kibati kisingekaa mfukoni mwako miaka kumi na minane kikisubiri.

Sasa sikiliza. Unaiita aibu yako, kumbe anayeitembeza mjini ni mwanao. Yule injinia unayemcheka viatu alimpa mlango wa kutokea, akamwambia kibati ni cha zamani, na alikuwa anasema kweli. Mwanao akaukataa kwa sababu ya neno lako. Mtu mzima, nyapara, mbele ya watu wake, alichagua kuamini hesabu ya mama yake kuliko macho yake mwenyewe. Unauliza atakutazama kwa macho gani. Mabaya, nadhani. Huenda akanyamaza wiki nzima, huenda akasema maneno ambayo hujawahi kuambiwa na mtu. Utayasikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, na najua hiyo kwako ni kazi ngumu kuliko zote.

Kinachonishangaza ni kimoja. Bomba liligonga mara mbili tu, wewe ukachukua mwiko ukalijibu. Mwanao anauliza "Kuna mtu?" mwaka mzima, wewe unajua jibu, umekaa naye meza moja, unanyamaza.

Mwambie leo. Usingoje Jumapili. Mkamwana awepo, na kwanza umwombe radhi kwa lile neno la udhaifu, kwa sababu mwanamke anayeishi nyumba isiyo na mlango wa choo na bado anapika hana udhaifu wowote. Ukikaa nao usianze na machungu yako, wala usitangulize kwamba ulifanya kwa ajili ya baba yake, hilo atalifikia mwenyewe akiwa tayari. Anza na hesabu, kama unavyompa mtu wa zamu: walishuka arobaini na mmoja, wakapanda arobaini na mmoja, taa niliificha mimi chini ya meza, kibati ni cha baba yako. Kisha funga mdomo. Atakuuliza mambo madogo madogo, gunia lilikuwa la rangi gani, jiwe ulilitoa wapi. Mjibu kila moja. Anajaribu kusimama, mwache ashike anachokiweza.

Ule weusi wa foronya huenda ni kifua kinatoa kilichoingia miaka yote ile. Mpeleke hospitali, mweleze daktari kazi aliyoifanya, na mweleze pia habari za kuhesabu na milango, usimwonee haya daktari. Milango airudishe yeye mwenyewe kwa mikono yake, mmoja kwa siku. Usimletee fundi.

Fundi umwite wa bomba, kesho, aje chumbani kwako abandue plasta atazame. Nyumba za ghorofa zina mabomba mahali ambapo mwenye nyumba mwenyewe hayajui. Akilikuta, alifunge vizuri mambo yaishe. Asipolikuta, na kukaendelea kugongwa saa nane, usiniandikie tena kuniuliza ni nani. Unamjua. Ila usimjibu, mama. Wewe ni mtu wa mgodini, unajua kujibu kunaahidi nini, na ahadi hiyo huna mikono ya kuitimiza. Keti kitandani, mlilie machozi uliyowanyima wale wa ofisi, kwa sauti, asikie kwamba analiliwa. Zaidi ya hapo huna cha kumpa.

Jumatatu nenda na mwanao ghalani. Mwombe mwenye ghala ruhusa, mtu aliyetoa siku zote hizo hatamnyima mama mtu dakika tano. Wafanyakazi wakitoka, wahesabuni kwa sauti, wewe kwanza, yeye baada yako, na safari hii usifiche kitu chochote chini ya meza yoyote. Hesabu zikilingana, mwambie ashike mpini. Mikono ikimkataa, weka wako juu ya wake, muusukume mlango pamoja mpaka komeo lilie. Na mkisikia kitu kimegonga kwa ndani, mlishahesabu. Mshike mkono, mwende nyumbani.