Maji ya Kumwagia Tu

Jumatatu, 1 Julai

Bomba limekohoa asubuhi, likatema kutu, likanyamaza. Hakuna maji ya maana hapa tangu matunda ya cheri yalipoiva. Meya Gancho amebandika tangazo dukani: pampu imeungua, tuwe wavumilivu. Wavumilivu! Pampu gani hiyo inayoungua upande wetu tu? Kule juu, kwenye nyumba yake ya wageni, bwawa la kuogelea limejaa pomoni na nyasi ni kijani kibichi. Bomba linapita kwake kwanza. Kila mtu anajua, na kila mtu anamwamkia kwa heshima.

Nimebeba ndoo kutoka chemchemi ya bondeni. Mgongo unaniuma. Lakini mgongo wangu si kitu, tatizo ni mgongo wa mama mkwe. Hajainuka kitandani tangu majira ya baridi, na sasa vidonda vimeanza. Nesi kasema aoshwe kila siku. Nimuoshe na nini, mate?

Mume wangu Todor kapiga simu kutoka Ujerumani, anakoendesha malori. Anasema niongee na meya kwa upole. Kwa upole!

Jumatano, 3 Julai

Mkutano ukumbini. Nilidhani ni wa maji. Mjinga mimi! Kumbe wakubwa wa mkoa wanakuja Jumapili, wanatafuta kijiji kinachoenzi mila, na meya ameamua tuwachezee Peperuda. Mila ya kuomba mvua! Msichana avikwe majani, apitishwe nyumba kwa nyumba akiimbiwa, na kila mama wa nyumba ammwagie maji getini. Yaani aliyetukausha ndiye atakayetuombea mvua. Ana macho makavu kuliko bomba langu.

Na watu wakapiga makofi. Mzee Penko, jirani yangu, jana dukani alikuwa anaapa kwamba atamvunja meya meno. Leo ndiye aliyeanza kupiga.

Halafu wote wakanigeukia mimi. Wimbo mzima naujua peke yangu, alinifundisha mama mkwe.

"Mama Rusana, wewe ndiye hazina yetu," meya akasema.

"Hazina inataka maji. Fungua bomba, nitakuimbia mpaka koo likauke."

"Pampu imeungua, mama."

"Na bwawa lako unalijaza na nini? Machozi?"

Penko akanivuta sketi: kaa chini, unatuaibisha. Mimi ndiye ninayewaaibisha!

Ijumaa, 5 Julai

Meya kaja kwangu na boksi la chokoleti. Kofia hakuvua. Kaona ndoo, beseni, mashuka, kaziba pua kidogo, anadhani sikumwona. Akaapa kwa kaburi la mama yake: Jumamosi jioni maji yatatoka nyumba zote, mimi niimbe tu. Sikumwamini. Nikakubali. Kwa ajili ya mgongo ule ningeimba hata kwenye kampeni yake.

Mama mkwe alisikia yote kutoka kitandani. Utotoni yeye mwenyewe aliwahi kuwa Peperuda, yule msichana wa majani, maana zamani walichagua yatima.

"Mwaka huu nani?"

"Yoana, mjukuu wa Gancho. Analetwa kutoka mjini Plovdiv."

"Kwani mama yake kafa?"

"Yuko Italia, mama. Meya anasema ni kama yatima."

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akanishika mkono. "Sikiliza, mwanangu. Maji yawe ya nyumba yenyewe. Ya kugawiwa hayaleti mvua. Na meya hufuata nyuma ya mtoto. Mwaka ule wa ukame mkubwa tulimlowesha na yeye, meya wa siku hizo, na shati lake la sikukuu. Alitukana huyo! Lakini mvua ilikuja."

Chokoleti zimepita muda wake tangu Februari.

Jumamosi, 6 Julai

Jioni. Bomba kimya.

Badala ya maji limekuja gari la ofisi ya meya, likashusha chupa moja kubwa kwa kila nyumba. Zimebandikwa karatasi: YA KUMWAGIA TU. USINYWE. Dereva anaeleza bila haya, eti yakipungua, picha hazitapendeza. Watu wazima na mvi zetu, tumegawiwa maji ya kuigizia! Penko alisema asante. Aliinama kabisa!

Kaapa kwa kaburi la mama yake. Maskini yule mama.

Sikufikiri sana. Nimemuosha mama mkwe kwa chupa yote, taratibu, kidonda kwa kidonda. Alifumba macho akasema, "Ah, Rusana." Nikalia. Kwa hasira, si kingine. Tangu lini mtu akashukuru hivyo kwa kuoshwa tu? Maji machafu nimeyaacha kwenye beseni, nimwagilie pilipili hoho.

Jumapili, 7 Julai

Naandika mbio mbio jikoni. Wageni wako kwa Penko, wanakula jibini na kunywa rakia, pombe yetu kali ya matunda. Nyumba inayofuata ni yangu. Nimewahi mbele, maana mama wa nyumba lazima awe getini kwake.

Aibu tupu! Majani ya kweli yamekauka porini, kwa hiyo mtoto wamemfunga majani ya plastiki, yale ya uzio wa bwawa. Jasho linamtiririka. Mimi nimeimba, kwa sababu nilitoa ahadi na ahadi zangu natimiza. Kila geti ni vitone vya chupa, tabasamu, picha. Mama mmoja wa mkoa kaniambia tuna bahati, maisha yetu yana utajiri mwingi. Nilimtazama viatu vyake. Visafi!

Na meya anatembea nyuma ya Yoana, suti nyeupe, kifua mbele. Utasema bwana harusi.

Nimemwambia mama mkwe chupa ni tupu, hatuna hata tone la kumwaga.

"Tuna beseni," akasema.

"Mama, yale maji ni ya—"

"Ni ya nyumba yenyewe. Nisogeze dirishani."

Nimemsogeza na kitanda chake. Nimemwekea mito, nimemfunga kitambaa chake cha maua. Sijamwona ameketi hivi tangu majira ya baridi.

Ngoma inalia tena. Wametoka kwa Penko. Penko mwenyewe anaongoza wageni, anawaonyesha geti langu kama lake! Mtoto hana kosa, nitamwambia asogee pembeni. Beseni nimeshaliweka mlangoni, limejaa, lina harufu.

Wananiita kwa jina. Mama mkwe anagonga kioo: haraka, mwanangu, suti inakaribia.