Bei ya Samaki Iliyotoka Ureno

Ghuba ya Trinity,
Newfoundland.
4 Novemba 1923

Mpendwa Dorcas, binti wa kaka yangu,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye ukungu. U mzima? Watoto je, baridi ya Boston haijawashika kifua? Mimi changu kimenishinda. Daktari ameacha kunidanganya, nami namshukuru.

Umenisihi nitubu mbele ya Mchungaji Hallett ili nizikwe ndani ya ua wa kanisa, kando ya baba yako. Jibu ni hapana, mwanangu. Sababu yake hukuwahi kuambiwa.

Nilipoajiriwa kwenye kituo cha kupokea simu za maandishi zinazopita kwa waya wa chini ya bahari, niliapa kwa Biblia kwamba sitatoa nje neno linalopita mikononi mwangu. Vita na vifo vya wafalme nilivimeza kimya. Lakini vuli moja, kabla hujazaliwa, waya ulileta habari kupitia Ireland: huko Ureno wanagombania samaki wetu wakavu. Habari ya asubuhi ileile! Ilikuwa imetumwa kwa Bwana Pinsent, mnunuzi wetu pekee. Nilimpelekea mwenyewe.

Mchana akasimama gatini kutangaza bei ya mwaka. Tulikuwa tumekwisha kula unga na chai yake kwa mkopo tangu barafu ilipoyeyuka, deni la kulipwa kwa samaki, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kubisha.

"Ureno hawataki samaki, jamani. Mimi mwenyewe nakula hasara."

Nikamnong'oneza baba yako. Naye akapaza sauti: "Pole sana, Bwana Pinsent! Basi usijiumize, samaki hawa tutawala wenyewe."

Watu wakaangua kicheko, wakageuza mikokoteni yao ya samaki kurudi nyumbani. Kabla ya Jumapili bei ilipanda.

Haya nilimweleza Mchungaji alipokuja kuniombea. Akasema, "Mama, kiapo ni kiapo." Nikamuuliza, "Na uongo wa gatini ulikuwa nini, sala?" Akaondoka bila kunipa ushirika.

Naogopa kufa, Dorcas, sikufichi. Lakini nikisema najuta, nitakuwa nakwenda kwa Mungu na uongo mdomoni.

Kwa hiyo usimwandikie tena Mchungaji kuniombea msamaha. Nimemwomba jirani yetu Eliakim anichimbie kaburi nje ya ua, kwenye kilima cha kuanikia samaki. Ameguna: "Pale ni mwamba mtupu, shangazi, utanivunjia sururu." Nimemwambia aanze mapema.

Nisalimie mumeo Ambrose, na umbusu Lettie mdogo. Mwenyezi Mungu awalinde nchi kavu na baharini.

Akupendaye, asiyetubu,
Shangazi yako,
Keturah Legge