Kibao Upande wa Nje

Jumanne, 8 Oktoba

Bado baharini. Upepo wa kaskazini, baridi ya kukata masikio. Mkwe wangu kaniambia nishuke chumbani nikajifunike – nikamwambia nahodha haamrishi mizigo. Akacheka. Binti yangu hakucheka. Tangu jana ananichungulia kana kwamba nimeficha homa.

Nimeficha. Ila si homa.

Wao wanadhani tunakwenda kuutazama mji wa kale, matembezi ya mwisho kabla boti haijavutwa nchi kavu kwa majira ya baridi. Wanajua nilizaliwa "pande hizo". Wanajua baba alikuwa mtu wa bahari. Hawajui kwamba alikuwa rubani wa bandari hii hii, aliyepanda meli kubwa na kuziongoza mkondoni. Wala kwamba siku watu wa mji walipohamishwa kwa meli alitoka na mojawapo, asirudi tena kazini. Miaka sitini sasa. Nina sabini na mmoja. Nataka kujua jambo moja tu: kule wanamwitaje?

Jumatano, 9 Oktoba

Nimeuona!

Ukungu ulifunguka saa tatu asubuhi, kama mtu anavyofunua fanicha za nyumba iliyofungwa muda mrefu. Kwanza mnara wa saa. Kisha ukuta wa mawe, mapaa yaliyobebana, na juu ya ukuta miti ya manjano na nyekundu, ikipukutisha majani yake moja moja majini. Nilikuwa nimejiandaa kuukuta umekuwa mdogo. Vitabu vyote vinasema anayerudi hukuta kila kitu kimesinyaa. Uongo! Ni mkubwa kuliko nilivyouacha. Mkwe alivua kofia bila kujua kwamba ameivua.

Halafu nikafanya upuuzi.

Mkwe alikuwa akifuata ramani ya kwenye simu. Nikaisikia sauti yangu: "Achana na hiyo simu. Mnara ukimeza bomba, maji tele."

"Nini, mama?"

Nikamweleza: elekeza boti mpaka mnara wa saa ulifiche bomba la moshi la kiwanda cha matofali, kisha nyoosha. Kwa heshima – au kwa kumwogopa mama mkwe – akatii. Bomba likamezwa. Maneno ya baba, na mnara wake, na mimi!

Mkuku, uti wa chini wa boti, ukagusa chini. Taratibu, kama mtu anayeketi. Tumepwelewa! Matopeni, mbele ya mji mzima, asubuhi kweupe.

"Kweli, mama," akasema mkwe, "maji tele. Yote yako kule."

Ikaja boti ya rangi ya chungwa na rubani ndani yake. Mwanamke wa miaka arobaini hivi, sauti ya kukwaruza. Akauliza nani anaongoza. Mkwe akaninyooshea kidole, msaliti mkubwa! Nikajitetea kwa yale maneno ya mnara na bomba.

"Hilo bomba ni jipya, bibi. La zamani lilibomolewa kabla mimi sijaanza shule." Kisha akanitazama vizuri. "Hayo maneno hayajaandikwa popote. Rubani humwambia mwanawe tu. Umeyatoa wapi?"

"Nilisoma."

"Wapi?"

"Nimesahau."

Mimi, niliyeishi na vitabu maisha yangu yote, nimesahau kitabu! Hakubisha. Maji yalijaa saa nane mchana, yakatuinua.

Alhamisi, 10 Oktoba

Nimetembea mpaka magoti yamegoma. Vidato vya gatini vimelika katikati kama upawa. Na pete za chuma za kufungia meli – nene kama mkono wangu upande mmoja, upande wa pili nyembamba kama kidole. Kamba ndiyo iliyokula chuma. Kitu laini! Ila kila siku, kwa mamia ya miaka. Nilitia kidole kwenye mfuo wake, nikasimama pale mpaka mpita njia akaniuliza kama ninaumwa.

Nimepita mbele ya nyumba ya marubani mara tatu. Sikuingia.

"Mama, nyumba hii ina nini?" akauliza binti yangu.

"Mlango mzuri."

"Mama."

Tukaketi kwenye benchi, nikamwambia. Nusu yake. Hakunilaumu. Aliuliza tu kwa nini babu hakurudi. Nikasema upepo ulikuwa mbaya.

Upepo ulikuwa shwari.

Ijumaa, 11 Oktoba

Naandika humu humu, ndani ya nyumba ya marubani.

Rubani alitufuata botini baada ya chai. "Bibi, mzee wetu wa daftari anakuomba. Kasema usije na visingizio." Nikaja, na binti yangu kanishika mkono.

Chumba kinanuka mafuta na sufu iliyoloa. Jiko la makaa, dirisha linalotazama mlango wa bandari, na ukutani ubao. Upande wa kushoto umeandikwa NJE, wa kulia NDANI. Kila rubani ana kibao chenye jina lake, ukubwa wa kiganja. Akienda kazini anakitundika Nje. Akirudi anakirudisha Ndani kwa mkono wake. Mwingine hakihamishi, isipokuwa damu yake, ikiwa mwenyewe amekufa.

Saba Ndani. Kimoja Nje. Jina la baba.

Hakina vumbi. Miaka sitini, na hakina vumbi!

"Umechelewa, mtoto wa rubani," akasema mzee. Ana themanini na minne. Wakati ule alikuwa mwanagenzi. "Mjini walisema amekimbia. Humu hatukusema. Aliyeko nje yuko nje."

Nilishika ukingo wa meza.

Jumatatu wanahamia jengo jipya. Ubao unakwenda makumbusho. Mzee hawezi kufunga daftari mtu akiwa nje. Akalifungua: tarehe, jina la meli, saa ya kutoka. Saa ya kurudi – tupu. Akashika kalamu. Kisha akasita.

"Siku ile kulikuwa na meli ya pili. Ilimngoja baba yako kwa muda wa saa sita. Mwishowe nikaitoa mimi, bila cheti, watu mia mbili nyuma yangu. Nimetaka kumuuliza mtu tangu hapo. Alitaka kurudi?"

Meli ikapiga honi nje. Rubani akahamisha kibao chake, tak, akaondoka mbio. Jambo dogo hivyo!

Nikasema. Baba alikuwa ameshavuka ukingo wa meli. Mguu mmoja kwenye ngazi ya kamba, mashua inamngoja chini imrudishe bandarini. Mimi, mmoja wa abiria wake, nilimshika koti. Nililia kwa nguvu zote za miaka kumi na mmoja. Akautazama mji, akanitazama mimi, akaurudisha mguu. Sijapata kumwambia mtu – si mume wangu, si binti huyu aliyesimama hapa na mkono mdomoni.

Mzee akafuta ncha ya kalamu kwa kitambaa. Akanisogezea daftari. "Basi si mimi wa kuandika." Akaenda kusimama dirishani, kanipa mgongo.

Daftari liko kushoto, shajara hii kulia. Naandika hapa kwa sababu kule siwezi. Safu ya saa ya kurudi ni nyembamba, inatosha tarakimu tu. Saa ya ukutani: tano na dakika kumi. Kibao kimo mkononi mwangu, sikumbuki kukitungua. Pale kilipokuwa, mbao ni nyeupe kama ya jana.

Mzee kasema sasa hivi, bila kugeuka: "Usiharakishe, mdogo wangu. Kungoja nimeshazoea."