Vigae Juu ya Meza ya Mama

Jumatatu, 4 Machi
Nimechoka. Siku nzima nimesimama kwenye mashine ya pasi kule kwa dobi, miguu inawaka moto. Narudi, nafuta meza ya katikati ya jikoni — uchafu hautoki! Mbao zimechakaa: mikato ya visu, duara jeusi la sufuria, na upande wa dirisha bonde kabisa, mama mkwe kalichimba kwa miaka ya kukanda unga. Mende wanazaliana humo. Nimemwambia mume wangu: ama vigae, ama mimi. Akacheka. Mimi sikucheka.

Jumanne, 5 Machi
Kakubali. Mama yake hataki. Anasema meza haijamlalamikia mtu. Ubishi wa wazee!

Alhamisi, 7 Machi
Fundi kaja. Tunamwita Fundi Kesho, na nyinyi mnajua kwa nini. (Nyinyi nani? Naandika peke yangu. Uchovu huo.) Hang'oi kitu: anapiga msasa, anafukia bonde, anapaka gundi, vigae juu. Eti akiliacha bonde, kigae kitakaa hewani na kupasuka. Mama alisimama mlangoni muda wote. Akauliza, na upande wa dirisha pia? Fundi akamwambia pote, bibi, itakuwa kioo. Mama akaenda zake.

Jumamosi, 9 Machi
Imekauka. Nyeupe pee! Nimeipangusa mara moja tu ikatakata. Jamani, nilitaka kulia kwa raha.

Jumatatu, 11 Machi
Nimerudi, nyumba haina hata harufu ya kitunguu. Mama kajifungia chumbani, eti kichwa. Nimepika mwenyewe, na miguu hii hii. Anasusa! Kwa ajili ya vigae! Nimegonga masufuria makusudi asikie.

Jumanne, 12 Machi
Mashine imeharibika, tumeruhusiwa mapema. Nimemkuta Mama jikoni. Nikasimama mbele yake kabisa. Hakuniona.

Anapapasa vigae. Vidole vinakwenda, vinarudi, vinatafuta. Kisu kikakosa kitunguu, akajikata. Nikapiga kelele, "Mama!" Akaruka. "Nani?"

Nani! Miaka yote hii tunaishi naye.

Nimemfunga kidole, akanieleza. Macho yamekwisha kidogo kidogo, sasa anaona mwanga wa dirisha tu. Kwenye bonde ndipo alipokuwa akisimama. Kutoka hapo mkono wa kulia ni jiko. Ukifuata mkato mrefu unafika kwenye chumvi. Sufuria alikuwa akiitua kwenye duara lake. Tumekula chakula chake kila siku, tukasifia, hatukujua lolote. Na mimi jana nikamgongea masufuria!

Akanishika mkono. Nisimwambie mwanawe. Akijua atamtoa jikoni, atamkalisha kitini kama alivyomkalisha marehemu baba yake, kwa mapenzi tu, mpaka mzee akanyamaza kabisa. "Afadhali niungue, mwanangu."

Nimesema sawa, Mama. Halafu nikaukumbuka moto. Na kesho mimi niko kazini, yeye peke yake na moto huo. Nimwambie mume, nimuue Mama akiwa hai. Ninyamaze, aungue kweli. Kwa nini haya yote yaniangukie mimi?

Jumatano, 13 Machi
Nimeleta vifungo vya makoti kutoka kazini, vile vinavyobaki bila mwenyewe. Nimevibandika kwa gundi kwenye ukingo wa meza: kikubwa mahali pa kusimama, viwili vidogo palipo na chumvi. Mama kavipapasa, kacheka kama msichana. Kesho tutajaribu jiko, mimi nikiwepo.

Alhamisi, 14 Machi
Mume wangu kaviona. Kaanza kuvibandua kwa kisu: nani huyo anaharibu vigae vipya? Nilikuwa kwenye friji, nikamwambia acha. Akauliza, kwa nini niache?

Mama kaingia. Kamwambia, "Mwulize mkeo huyo hapo," akaelekeza mkono kwenye friji. Mimi nilikuwa nimeshahamia kwenye sinki.

Mume wangu kaitazama friji. Kanitazama mimi. Kisu kakiweka chini polepole.

Nimekimbilia chumbani, eti natafuta dawa ya kichwa. Naandika haraka, nimekaa kitandani.

Sasa namsikia mume wangu huko jikoni. "Mama, nimenyoosha vidole vingapi?"

Mama anacheka. Anamwambia aache utoto. Hajasema ni vingapi.